Yerusalemu ya Vita vya Msalaba: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Haya ni madai yanayosimuliwa sana kuhusu vita vya Wakristo wa Ulaya kuutwaa Yerusalemu, na kila dai linafuatwa na yaliyotokea.

"Wazungu waliuteka mji kutoka kwa Waturuki." Waturuki wa Kiseljuki ndio waliotia hofu Papa Urban II alipohubiri vita kule Clermont, Ufaransa, mwaka 1095. Ila kufikia 1099, mashujaa wa Msalaba walipouteka mji, Waturuki hawakuwamo tena. Agosti 1098 Wafatimi wa Misri, watawala wa Kishia, walikuwa wamekwisha kuwanyang'anya mji, na liwali aliyezingirwa na Wazungu alikuwa mtu wao, Iftikhar al-Dawla. Waislamu walikuwa wakigombania Baitul Muqaddas, yaani Yerusalemu, wao kwa wao huku wageni wako njiani.

"Siku ile hakubaki mtu." Mauaji ya 15 Julai 1099 yalikuwa ya kutisha, na Wayahudi waliuawa pamoja na Waislamu. Lakini ile idadi ya 70,000 iliandikwa na mwanahistoria Mwislamu Ibn al-Athir zaidi ya miaka mia moja baadaye, na mji wenyewe haukuwa na watu kiasi hicho. Liwali na askari wake walijifungia katika Mnara wa Daudi, wakapewa ahadi ya usalama na kuondoka salama hadi Ascalon. Baadhi ya Wayahudi waliotekwa walikombolewa na wenzao kwa fedha.

"Salahuddin aliwaachia Wakristo wote bure." Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na ina ukweli wa nusu. Oktoba 1187, Sultani Salahuddin alipourudisha mji mikononi mwa Waislamu, hakukuwa na mauaji. Kulikuwa na bei ya kujikomboa: dinari 10 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke. Tena masharti hayo hayakutoka kwenye huruma peke yake. Balian wa Ibelin, aliyeongoza ulinzi wa mji, alitishia kuwaua mateka wa Kiislamu na kuibomoa Kubba ya Mwamba kama hawatapewa amani. Maskini 7,000 walilipiwa kwa mkupuo dinari 30,000. Salahuddin na nduguye al-Adil wakawaachia wengine bure. Maelfu waliokosa fedha wakaingia utumwani. Patriaki Heraclius, mkuu wa Kanisa mjini, alilipa dinari zake 10, akatoka na hazina za makanisa. Salahuddin alishauriwa amnyang'anye, akakataa kuvunja ahadi. Kwangu mimi, aliyetia aibu pale langoni ni patriaki: alipita na dhahabu mbele ya waumini wake wanaouzwa.

"Mji ulibadilisha mikono kwa upanga tu." Mwaka 1229 Kaisari Frederick II, akiwa ametengwa na Kanisa, aliupata kwa mkataba na Sultani al-Kamil wa Misri, bila kuupigania. Waislamu walibaki na eneo la Al-Aqsa. Papa alikasirika, na Damascus nako watu walilia kwa hasira.

"Kila mara Mkristo upande huu, Mwislamu upande ule." Oktoba 1244, huko La Forbie karibu na Gaza, mashujaa wa Msalaba walipanga safu moja na majeshi ya Kiislamu ya Damascus na Homs dhidi ya Misri, wakashindwa pamoja.