Mtoto mmoja, faili moja: kwa wahisani wa watoto wa mitaani Kisumu

Mvulana aliyeletwa ofisini kwetu, ofisi ya watoto, Jumatatu moja asubuhi alikuwa amevaa fulana tatu, moja juu ya nyingine. Ya juu ilikuwa na jina la shirika moja la Uingereza mgongoni. Jua lilipozidi akaivua, ikatokea ya pili, ya kanisa fulani la Marekani, na chini yake ya tatu, ya kikundi cha vijana wa hapa hapa Kondele. Nilimuuliza mbona anazivaa zote. Akanitazama kama nimemuuliza mbona ana miguu. Usiku kuna baridi, akasema, na ukiacha nguo bezi, pale tunapolala, utakuta imeenda.

Wiki hiyo tukaitisha kikao cha kesi, na mashirika yote matatu yakaja na karatasi zao. La kwanza lilikuwa na yatima wa baba na mama mwenye jina la mtume. La pili lilikuwa na mtoto wa Busia mwenye jina la mchezaji mpira. La tatu lilikuwa na mtoto wa Vihiga aliyekimbia kwa nyanyake, naye ameandikwa kwa jina la utani la mtaani. Ilibidi picha ziwekwe mezani pamoja ndipo mwenzangu mmoja akanyoosha kidole kwenye kovu juu ya jicho la kushoto: huyu si ni yule yule? Alikuwa yule yule. Kila shirika lilikuwa limempatia mfadhili ng'ambo anayetuma pesa kila mwezi na kuletewa barua ya shukrani. Nyumbani kwao mtoto, hakuna aliyekuwa amefika.

Sisemi haya ili kumuaibisha mtu. Waliokuwa pale mezani ni watu wema, na wawili kati yao wanafanya kazi hii bila mshahara. Lakini malalamiko yanayofika kwetu yameongezeka, na karibu yote yana mzizi mmoja. Wenye vibanda pale soko la Kibuye wanalalamika kwamba Jumamosi magari ya mkate yanafuatana na watoto wanaongezeka. Wageni wanalalamika kwamba wanazungushwa maofisini. Makanisa yanalalamika kwamba mtoto waliyemwogesha na kumnunulia viatu Jumapili yuko stendi tena Jumatano akiwa peku. Wote wana haki ya kulalamika. Wachache sana wamewahi kuuliza nani mwingine anamhudumia mtoto huyo huyo.

Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchi nzima. Nairobi iliongoza kwa 15,337, ikifuatwa na Mombasa, kisha Kisumu yetu yenye 2,746, halafu Uasin Gishu 2,147 na Nakuru 2,005. Tafadhali tazama hiyo ya Kisumu vizuri. Ni watu wazima na watoto pamoja, ni watu wanaoweza kujulikana mmoja mmoja kwa majina. Ukijumlisha watoto walio kwenye ripoti za mashirika yanayofanya kazi mjini humu, ungedhani ni jeshi zima.

Kushirikiana, kwa hiyo, si kupiga picha ya pamoja mbele ya bango. Vikao vya namna hiyo nimehudhuria vingi, chai huwa nzuri. Kushirikiana ni kila mtoto kuwa na faili moja, na kila anayemgusa mtoto huyo kujua faili iko wapi na nani anaishika. Anayetoa chakula aendelee kutoa chakula, mwenye zahanati atibu, na mwenye uwezo wa kusafiri aende akaitafute familia. Ila wote waandike kwenye faili ile ile.

Wazo hili halikuanzia ofisini kwangu. London kuna mtandao wa mashirika uitwao Consortium for Street Children, ulioanzishwa mwaka 1993 kwa sababu hii hii: mashirika ya hisani ya Uingereza yaliona kwamba kila moja linahangaika kivyake na watoto wa miji ya mbali. Mtandao huo ulikuwa miongoni mwa waliosukuma hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ikatoa, mwaka 2017, mwongozo wake nambari 21 kuhusu watoto walio katika hali ya mitaani. Kabla ya kuuandika, watoto na vijana 327 kutoka nchi 32 waliulizwa maoni yao. Mwongozo unasisitiza kwamba mtoto wa mtaani ni mwenye haki, hivyo asihurumiwe tu, na tena asifagiliwe kama takataka. Kenya iliuridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, kwa hiyo hatuwezi kusema hayo ni mambo ya Wazungu.

Nimetaja kufagiliwa kwa sababu kila mkutano wa hadhara lazima asimame mtu aseme serikali ilete lori. Ilete lori iwapeleke wapi? Februari 2019 watoto na vijana waliondolewa mitaa ya Nakuru usiku na kuachwa kaunti jirani ya Baringo, na jambo hilo lilifika hadi Seneti. Sitalirudia hapa. Nitasema tu kwamba mtoto aliyebebwa kwa lori hurudi kwa miguu, akifika, na akirudi hamwamini tena mtu yeyote aliyeshika kalamu. Mwingine husema wapelekwe rimandi. Rimandi ya watoto ni ya mtoto anayesubiri uamuzi wa mahakama. Njaa si kosa la jinai, na nimechoka kulieleza hili.

Na hili la yatima. Wengi wa watoto tunaowafuatilia wana mzazi, nyanya, shangazi, mtu. Walioondoka nyumbani wanaweza kukuonyesha njia ukiwapa muda. Azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la Desemba 2019 kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi lilikiri wazi kwamba wengi wa walio kwenye makao wana familia. Hata kabla ya azimio hilo serikali ilikuwa imesimamisha usajili wa makao mapya ya watoto tangu Novemba 2017, na ndiyo maana tuna mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 wa kurudisha malezi kwenye familia na jamii. Mgeni anayeniambia amenunua shamba njiani kuelekea Maseno ajenge makao ya watoto mia moja namshukuru, kisha namwambia ukweli. Huwa hapendi.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Ukikuta mtoto peke yake mtaani na unaona yuko hatarini, piga 116. Simu hiyo ni ya bure na inafanya kazi saa 24. Au mfikishe kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, kwa chifu, au kituo cha polisi kwenye dawati la jinsia na watoto. Kwa polisi taarifa iandikwe kwenye kitabu cha matukio na upewe nambari ya OB. Usiondoke bila nambari hiyo. Iandike kwenye karatasi, maana simu huzima. Afisa wa watoto atafungua rekodi ya kesi: jina analojiita mtoto na majina mengine anayojulikana nayo (safu hiyo ipo, na baada ya kisa cha fulana tatu tunaijaza kwa makini), umri au makadirio, alama za mwili, mahali anapolala, shule ya mwisho, jina la chifu au la soko lililo karibu na kwao. Rekodi inaingizwa kwenye mfumo wa kidijitali wa idara. Kisha familia inatafutwa, nyumba inatembelewa, ripoti ya hali ya familia inaandikwa, na pale inapohitajika jambo linapelekwa mahakama ya watoto. Makao ni njia ya mwisho na kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana. Shirika halimchukui mtoto stendi likamlaza kwake kwa sababu gari lilikuwa na nafasi.

Shirika lenyewe nalo lina karatasi zake. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, ikachukua nafasi ya ile ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 1990. Cheti cha zamani kwenye fremu ukutani si jibu la kila swali, kwa hiyo ulizeni mapema Mamlaka inayosimamia mashirika hayo. Mgeni anayekuja kujitolea anahitaji kibali cha uhamiaji kinachofaa shughuli hiyo, hata kama halipwi senti. Ruhusa ya kuingia nchini kwa matembezi ni ya matembezi.

Picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na uso wake ni taarifa. Adhabu ya jumla chini ya sheria hiyo ni faini isiyozidi shilingi milioni 3 au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Mbali na hayo Kamishna wa Data anaweza kutoza faini ya kiutawala ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo. Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hiyo ni shule, yenye wazazi wanaojulikana na simu zao. Wewe unayempiga picha mtoto aliye na chupa ya gundi mdomoni na kuituma kwa wafadhili, idhini ulipewa na nani? Na anayewasafirisha watoto kwa ahadi za masomo huku nia yake ni kuwatumia kuchuma pesa ajue kwamba Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010 inaanzia kifungo cha miaka 30 au faini ya shilingi milioni 30, au vyote viwili. Sidai kwamba wanaosoma hapa ni watu wa namna hiyo. Nataja kwa sababu nimeulizwa.

Kwa ndugu zetu walio ng'ambo wanaotuma pesa: Uingereza rejista ya mashirika ya hisani iko wazi kwenye intaneti, na Marekani mashirika mengi yasiyolipa kodi huwasilisha taarifa za fedha ambazo mtu yeyote anaweza kuziomba. Someni. Kisha liulizeni shirika lenu swali moja: mtoto wetu ana rekodi kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo gani? Msiombe jina wala picha. Jina la ofisi tu latosha.

Tena fikirieni pesa yenu inanunua nini. Mkate hupata mfadhili haraka kwa sababu unapigika picha. Nauli haipati. Yule mvulana wa fulana tatu tulimpeleka Vihiga kwa matatu hadi Chavakali, kisha boda mbili kupanda kati ya mawe makubwa ya Maragoli, mimi, yeye na mfanyakazi wa lile shirika la tatu. Njia aliijua. Alipofika kwenye mgomba fulani akashuka na kusema afadhali atembee. Nyanyake alikuwa anaanika mahindi. Hakulia wala hakukimbia kuja, alimtazama tu kitambo, kisha akamwambia aende anawe mikono. Baadaye alitueleza habari za baba wa kambo na za sare ya shule iliyochomwa, mambo ambayo hayakuwa kwenye karatasi yoyote kati ya zile tatu. Siku hiyo hatukumwacha. Ilibidi turudi mara nne kwanza, na chifu akae na yule baba wa kambo, na shule ikubali kumpokea katikati ya muhula.

Gharama yote ya safari hizo iligawanywa na mashirika matatu. La Uingereza lililipa nauli, la Marekani sare na vitabu, vijana wa Kondele wakatoa mtu wa kumtembelea kila mwezi. Wafadhili watatu waliandikiwa barua moja ya kueleza kilichotokea. Mmoja alikasirika na kujitoa, wawili wamebaki.

Haya ni maelezo ya elimu kwa umma, si uamuzi kuhusu kesi yoyote iliyoko mahakamani. Mashirika ambayo hayajaleta orodha ya watoto yanaowahudumia yailete kwa afisa wa kaunti ndogo yao, pamoja na alama za mwili na majina yote mtoto anayoitwa. Anayekuja ofisini aje kabla ya saa sita mchana, maana mchana huwa tuko mahakamani au barabarani.