Ukizima ukuta wa moto, barua pepe bado hazitatoka

Wiki hii nimeambiwa tena: "Fundi, nimeshazima ukuta wa moto na barua bado zimekwama kwenye foleni. Seva imekufa."

Seva haijafa. Ukuta wa moto (firewall) ni kichujio cha mawasiliano ya mtandao. Ulichozima ni ukuta mmoja, na barua hupita kuta kadhaa: wa seva yenyewe, wa ruta, na wa mtoa huduma wa intaneti. Huyo wa mwisho mara nyingi ndiye aliyefunga poti 25, mlango ambao seva hutumia kupelekeana barua, kwa barua zinazotoka, ili kompyuta zilizoambukizwa zisimwage barua taka. AWS, huduma ya Amazon ya kukodisha seva, nao huizuia hadi uombe ifunguliwe. Kuzima ukuta wako hakuigusi poti hiyo. Kunaiacha seva wazi kwa kila mshambuliaji. Tafadhali uwashe sasa hivi.

Kisha ingia kwenye seva hiyohiyo, si kwenye laptopu yako, uandike telnet (amri ya kujaribu muunganisho), jina la seva inayopokea, na 25. Soma jibu. Ukiona 220, yaani salamu ya seva ile, njia iko wazi. Ikija "Connection refused" papo hapo, kuna aliyekujibu: kwa kawaida hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo, au inasikiliza 127.0.0.1 (anwani ya ndani ya mashine yenyewe) peke yake. Ila kimya kirefu, halafu "Connection timed out", hapo karibu kila mara kuna ukuta unaotupa pakiti (vipande vya data) bila taarifa. Jaribu seva nyingine mbili tatu. Zote zikinyamaza, kizuizi kiko upande wako: mwombe mtoa huduma akufungulie, au pitisha barua kwenye seva ya kati kwa poti 587, ambayo ni ya kukabidhi barua kwa seva ya kati. Mimi hupendelea 587, kwa sababu ombi la kufunguliwa 25 linaweza kukataliwa.

"Ping inajibu, kwa hiyo poti iko wazi." Hapana! Ping ni ICMP, itifaki ya ujumbe wa hali ya mtandao, na ICMP haina poti.

"Tunapokea barua, basi na kutuma kunawezekana." Sheria za kuingia na za kutoka huandikwa mbali mbali.

"Poti 465 imepitwa na wakati." RFC 8314, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2018, unaipendekeza kwa kukabidhi barua kwa njia iliyosimbwa.

Na ukiona 220 ikifuatwa na msururu wa nyota, na penye STARTTLS (amri ya kuanzisha usimbaji) pana XXXXXXXA, ukuta wa moto unahariri mazungumzo ya seva. Zima ukaguzi wake wa SMTP (itifaki ya kutuma barua) tu, mengine yaache.