Vihisi vya chumba cha seva vinahitaji mtu wa kuviitikia

Tangu mwaka wa fedha uanze Julai, malalamiko yanayofika ofisini kwetu yanafanana. Mwanachama wa SACCO amefika kaunta akaambiwa sistimu iko chini. Mgonjwa amerudishwa nyumbani kwa sababu faili lake halifunguki. Tunapofuatilia, mara nyingi tunakuta taasisi tayari ina vihisi vya joto, maji na umeme katika chumba cha seva, yaani kompyuta kuu zinazotunza kumbukumbu, na vilikuwa vikituma taarifa usiku kucha. Taarifa zilikuwa zinaingia kwenye barua pepe ya ofisa aliyekwisha kuhamishwa.

Tunaomba hili lieleweke: kihisi hakipozi chumba. Kinapima na kutuma, na mfumo ukipangwa vizuri, kinaamuru mashine nyingine. Kabla ya kununua, andikeni nani anapigiwa simu, nani anafuata asipopokea, na nani mwenye ufunguo.

Kosa tunalokutana nalo zaidi ni mahali pa kukiweka. Katika chumba kimoja tulichokagua, kihisi pekee kilikuwa ukutani, chini ya kiyoyozi, na dashibodi, ukurasa wa kompyuta unaoonyesha vipimo, ilisoma nyuzi 19. Tulipoweka kipimo chetu mbele ya seva ya juu kabisa kwenye raki, yaani kabati la seva, kilisoma 34. Hewa inayoingia ndani ya seva ndiyo inayohesabika. ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa viyoyozi, kinapendekeza hewa hiyo iwe kati ya nyuzi 18 na 27, ipimwe chini, katikati na juu ya raki. Kwa vifaa vya daraja la A1 katika mpangilio wa ASHRAE, mwisho ni nyuzi 32. Onyo la kwanza lije kwenye 27. La pili lipige simu kabla ya 32, kwa maana barua pepe ya usiku husomwa asubuhi.

Bado tunaambiwa kwamba hali ya hewa ya Kampala ni ya wastani, hivyo haya ni mambo ya nchi za joto. Joto la chumba cha seva linatoka kwenye seva zenyewe. London si mji wa joto, lakini Julai 19, 2022 nyuzi zilipopita 40 nje, upozaji ulishindwa kwenye vituo vya data vya Google na Oracle, na hospitali za Guy's na St Thomas' zikapoteza mifumo yao.

Umeme ukikatika, UPS, kifaa cha betri za akiba, inashika hadi jenereta iwake. Isipowaka, mfumo uliounganishwa unaona betri zinashuka na kuzima seva kwa utaratibu, hifadhidata ikifungwa kwanza. Hapo ndipo fedha ya vihisi inaporudi, kwa sababu seva iliyozimika ghafla inaweza kuharibu kumbukumbu za wateja. Betri za risasi hupoteza karibu nusu ya maisha yao kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, na kipimo cha ukinzani wao wa ndani huonyesha ipi inachoka kabla haijafa. Kiwango cha dizeli nacho kisomwe kila siku. Kikishuka saa nane usiku na jenereta haijawaka, aulizwe mwenye zamu asubuhi hiyohiyo.

Kihisi chenyewe ni kompyuta. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Badilisheni maneno hayo siku ya kufunga, vihisi viwe na mtandao wao, na kwa SNMP, lugha ambayo vifaa hutumia kutuma vipimo mtandaoni, tumieni toleo la tatu, kwani yaliyotangulia hupitisha neno la siri wazi. Vihisi vinavyotuma kwa redio viwe na idhini ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC. Muuzaji aonyeshe cheti kabla ya kulipwa.

Sasa sheria. Nyuzi za joto si data binafsi, lakini kamera ya mlangoni na kifaa cha alama za vidole vinakusanya data binafsi, hata kama vimeuzwa pamoja na vihisi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 na kanuni zake za 2021, taasisi inajisajili kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, na cheti kinahuishwa kila baada ya miezi 12. Data ikivuja, Ofisi hiyo inapewa taarifa mara moja. Ndiyo inayoamua kama wahusika wajulishwe. Msisubiri kikao cha bodi. Anayepata au kutoa data binafsi kinyume cha sheria anaweza kutozwa hadi pointi za fedha 245, kila moja shilingi 20,000, yaani shilingi 4,900,000, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni inaweza kutozwa hadi asilimia 2 ya mapato ghafi ya mwaka. Kama dashibodi inahifadhi picha za kamera au alama za vidole nje ya Uganda, taasisi ihakikishe nchi hiyo ina ulinzi usiopungua wetu, au ipate ridhaa ya wahusika. Jibu la kwamba muuzaji ndiye anayehifadhi halikubaliki.

Wanaoomba ushauri waje na mchoro wa chumba ukionyesha kila kihisi, orodha ya wanaopokea maonyo, na kumbukumbu za mwezi mmoja. Tutaanza na maonyo ambayo hayakujibiwa.