Waranti ya nyumba Marekani: fundi ndiye anayeandika sababu

Julai iliyopita, hapa Houston, kampuni moja ya waranti, yaani inayouza mikataba ya kutengeneza vifaa vya nyumba vikiharibika, ilinituma nyumbani kwa mama mmoja wa Kikongo. Kiyoyozi kilikuwa kimezima siku ya pili na ndani palikuwa tanuri. Sijafungua hata sanduku la vifaa, akaniwekea karatasi za mkataba mezani. "Fundi, mimi nimeshalipa. Wewe badilisha tu."

Nilipopima mashine ya nje, kompresa ilikuwa imekufa. Ya ndani, koili, yaani mabomba yanayopoza hewa, ilikuwa imevaa vumbi kama blanketi. Filta ikiziba, hewa haipiti, koili inaganda barafu, na gesi ya kupoozea inarudi kwenye kompresa ikiwa bado majimaji. Kompresa imeundwa kubana mvuke. Ukiilisha majimaji, unaiua. Nikaandika nilichokiona. Siku mbili baadaye kampuni ikakataa dai: mashine haikutunzwa.

Wengi husoma orodha ya vinavyolipiwa (kiyoyozi, hita ya maji, mabomba, nyaya za umeme, jiko, friji) wakadhani kazi imeisha. Lakini mkataba hauulizi tu nini kimeharibika. Unauliza kimeharibika kwa nini. Uchakavu wa kawaida, wanalipa. Kutotunzwa, kufungwa vibaya tangu mwanzo, au hitilafu iliyokuwepo kabla ya mkataba kuanza, hawalipi. Na anayejaza sababu hiyo kwenye ripoti ni mtu kama mimi, aliyekaa kwako nusu saa.

Usichanganye na bima ya nyumba. Bima ni ya moto, dhoruba, wizi, bomba kupasuka ghafla. Nyumba mpya nayo huja na waranti ya mjenzi: kwa kawaida mwaka 1 kwa kazi na vifaa, miaka 2 kwa mabomba, umeme na viyoyozi, na pengine hadi miaka 10 kwa kasoro kubwa za muundo. Hii ninayoizungumzia ni mkataba wa huduma wa mwaka mmoja mmoja, biashara ambayo kampuni ya American Home Shield ilianza nayo mwaka 1971. Mara nyingi muuzaji wa nyumba humlipia mnunuzi mwaka wa kwanza, ndiyo maana watu wengi wanayo bila kuisoma. Ukijilipia, tegemea kama dola 400 hadi 800 kwa mwaka, na kila fundi akija unatoa dola 75 hadi 150. Hiyo ya fundi hairudi hata dai likikataliwa.

Sasa gesi, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Kama mashine yako ni ya zamani inayotumia R-22, gesi hiyo haitengenezwi wala kuingizwa mpya Marekani tangu 2020. Iliyobaki ni ghali, na mikataba mingi hulipia kiasi fulani tu kwa kila paundi (uzito) ya gesi. Zilizofuata zilitumia R-410A, na tangu Januari 1, 2025, viwanda vimekatazwa kutengeneza mitambo mipya ya nyumbani ya gesi hiyo. Mipya inatumia R-32 au R-454B. Basi kampuni ikikubali kukuletea mashine ya nje ya gesi mpya, koili yako ya zamani ya ndani haioani nayo. Mkataba mmoja utalipia vyote viwili; mwingine utalipia mashine ya nje, halafu koili, marekebisho ya bomba, kibali cha jiji na kubeba mashine kuukuu vinakuwa juu yako. Nimeona "umekubaliwa" inayomgharimu mteja dola elfu tatu.

Angalia pia kikomo. Mkataba ukisema mwisho wao ni dola 2,000 kwa kiyoyozi, na mtambo mzima pamoja na kufungwa unaweza kuvuka 8,000, tofauti unaijua nani anailipa. Wakikupa fedha badala ya mashine, hupiga hesabu kwa bei wanayonunulia wao, siyo bei utakayotajiwa wewe dukani.

Nyumba nyingi za hapa zimekaa juu ya zege. Bomba likivuja chini yake, wanaweza kulipia bomba na wakakuwekea mpaka kwenye kuvunja zege. Vigae ni vyako. Zulia lililolowa halimo kabisa. Hilo ulizia bima.

Ninachowaambia jamaa: tunza risiti za filta, piga picha kila unapobadilisha, na mwite fundi wa huduma mara moja kwa mwaka. Tafuta ripoti ya mkaguzi wa siku mliyonunua nyumba, kwa sababu kampuni itaiomba. Kama mkaguzi aliandika "kompresa ina mlio" na hukuitengeneza, dai hilo limekufa tayari. Na fundi akija, jibu unachoulizwa kwa ukweli, lakini usibuni. Watu wetu wanapenda kuchangamsha mazungumzo: "Aah, hii inasumbua tangu tuhamie!" Mimi naandika hivyo hivyo, na pengine mashine ilisumbua mara moja tu, tena umeme ulipokatika.

Ukikataliwa, waombe kwa maandishi kifungu walichotumia, kisha leta fundi wa pili aandike ripoti yake. Texas malalamiko hupelekwa TDLR, idara ya leseni ya jimbo. California ni Idara ya Bima.

Yule mama nilimwonyesha kibandiko ubavuni mwa mashine ya nje. Ilitengenezwa 2019. Kampuni nyingi za viyoyozi hutoa waranti ya vipuri ya miaka 10 mashine ikisajiliwa mapema, na mwenye nyumba wa kwanza alikuwa ameisajili. Akapiga simu na namba ya mashine, wakakubali ihamie kwake. Kompresa aliipata bure, akalipa gesi na kazi ya fundi. Filta sasa ananitumia picha kila mwezi, ingawa sikumwomba.