Kwa nini nataja Vicksburg kabla ya Gettysburg

Wengi wakiulizwa ni wapi Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865) viligeuka, hujibu Gettysburg. Mimi nataja Vicksburg, mji wa jimbo la Mississippi uliosalimu amri tarehe 4 Julai 1863, siku moja tu baada ya mapigano ya Gettysburg kumalizika. Kipimo changu ni hiki: aliyeshindwa alibaki na nini mkononi? Kutoka Gettysburg, Jenerali Robert E. Lee wa Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga, aliondoka na jeshi lake, akapigana nalo hadi Aprili 1865. Kule Vicksburg, Kusini walipoteza jeshi zima la watu karibu 29,500, mizinga 172 na bunduki zipatazo 60,000. Baada ya siku tano ngome ya Port Hudson, kwenye mto uleule wa Mississippi, nayo ikaanguka, na Texas, Arkansas na Louisiana ya magharibi zikakatwa na majimbo ya mashariki. Ng'ombe wa Texas hawakuwa tena na njia ya kuvuka mto kwenda kulisha majeshi ya ng'ambo.

Ili kuelewa kwa nini kazi ilikuwa ngumu, anza na umbo la mto. Wakati ule Mississippi ulijipinda mbele ya mji kama ndoana, ukiizunguka rasi ya De Soto. Mji ulikaa juu ya magenge yenye urefu wa karibu mita 60, mizinga ikitazama chini. Meli iliyoshuka ilibidi ipunguze mwendo ili ikate kona, na hapo ndipo ilipolengwa. Kaskazini ya mji kulikuwa na vinamasi vya mto Yazoo. Ardhi kavu ya kupitisha jeshi ilikuwa mashariki na kusini, ilhali mapema 1863 Ulysses S. Grant, jenerali wa Kaskazini, na watu wake walikuwa ng'ambo ya magharibi.

Kabla ya hapo, Desemba 1862, Grant alijaribu kuja kwa nchi kavu kwa kufuata reli. Tarehe 20 wapanda farasi wa Earl Van Dorn wa Kusini wakachoma ghala lake kuu la Holly Springs, naye akarudi nyuma. William T. Sherman, jenerali wa Grant aliyetangulia kwa mto, akapigwa Chickasaw Bayou, kwa sababu kikosi kilichotakiwa kuwavuta maadui upande wa pili hakikuwapo tena. Kisha ukaja msimu wa mifereji. Wazo la kuchimba mfereji kukata rasi ya De Soto lilikuwa na kasoro mbili: mdomo wake wa chini ulikuwa bado ndani ya shabaha ya mizinga, na kiwango cha maji hakikutabirika. Machi 1863 mafuriko yalivunja boma la kuzuia maji kwenye mdomo wa juu, maji yakafunika kambi. Njia za Lake Providence, Yazoo Pass na Steele's Bayou nazo hazikufika popote. Kwenye vijito vile vyembamba adui aliangusha miti mbele ya meli, na wakati mwingine nyuma yake pia.

Njia iliyofaulu ndiyo iliyoonekana ya hatari kuliko zote: kupitisha meli mbele ya mizinga usiku, jeshi litembee kwa miguu upande wa magharibi, kisha vikutane kusini. Matayarisho ya Admirali David Dixon Porter, mkuu wa meli za Kaskazini, yanastahili kuangaliwa kwa makini. Boila zilizungushiwa marobota ya pamba na nyasi kavu. Matishari ya makaa yalifungwa ubavuni ili yapokee mapigo ya mizinga badala ya meli. Mvuke uliotoka kwenye injini ulielekezwa ndani ya nyumba za magurudumu ya kusukuma meli ili kupunguza sauti. Usiku wa tarehe 16 Aprili vyombo 12 vilishuka. Walinzi wakawasha mioto ukingoni ili waone, lakini mizinga ya juu ilishindwa kuinama vya kutosha kupiga vyombo vilivyokumbatia ukingo wa mji. Kilizama kimoja tu cha uchukuzi. Tarehe 22 zikapita meli sita za uchukuzi, ikapotea moja.

(Yale marobota yana jamaa huku kwetu. Nguo ya merikani iliyotawala soko la Unguja ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba ya Kusini. Vita vilipoikata pamba hiyo, nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake.)

Wakati huohuo Benjamin Grierson wa Kaskazini, mwalimu wa muziki aliyegeuka askari, alipita katikati ya jimbo na wapanda farasi 1,700, aking'oa reli kutoka La Grange, Tennessee, hadi Baton Rouge kwa siku 16. Jenerali John C. Pemberton, mlinzi wa Vicksburg, akatuma watu wa kumfukuza badala ya kulinda mto. Tarehe 30 Aprili Grant akavuka mto hadi Bruinsburg, mahali alipoelekezwa na mtu mweusi wa eneo lile aliyejua kuwa kuna barabara nzuri kutoka hapo. Katika siku 17 za Mei alishinda mara tano: Port Gibson, Raymond, Jackson, Champion Hill na Big Black River. Huelezwa mara nyingi kwamba alikata kabisa njia ya chakula. Si kweli. Nyama na mahindi alichukua mashambani, lakini biskuti kavu, kahawa, chumvi na risasi vililetwa kwa misafara ya magari ya kukokotwa.

Kosa lake kubwa lilikuja baadaye. Tarehe 22 Mei aliamuru shambulio la pamoja saa nne asubuhi, makamanda wakiwa wamelinganisha saa zao. Sehemu moja ngazi zilikuwa fupi kuliko ukuta wa ngome, na askari wakakwama chini yake. Zaidi ya 3,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea. Hapo akageukia sururu na sepeto. Mahandaki 13 yalichimbwa kwa kupindapinda, ili risasi isipite moja kwa moja kufuata urefu wake. Mbele ya moja walisukuma behewa la reli lililojaa pamba kama ngao, hadi adui alipolichoma. Mizinga mifupi ilitengenezwa kwa magogo yaliyotobolewa na kufungwa pete za chuma.

Watu waliowahi kuchimba migodi walipitisha njia chini ya ngome iliyoitwa kwa jina la kikosi cha Louisiana ya 3, wakaweka kilo 1,000 hivi za baruti, na kuilipua tarehe 25 Juni. Shimo lilikuwa na upana wa mita 12. Lakini walinzi walishasikia sururu zikigonga chini, wakajenga ukuta wa pili nyuma. Washambuliaji waliingia kwenye shimo jembamba kwa vikundi vidogo, huku wenzao juu wakiviringisha makombora yenye tambi zilizowashwa. Mlipuko peke yake hautoi njia. Lazima uwe na nafasi ya kupanuka.

Mji ulishindwa na njaa. Wakazi waliishi kwenye mapango waliyochimba vilimani, askari wakala mkate wa unga wa kunde na nyama ya baghala. Siku 47 za kuzingirwa zilipotimia, Pemberton akasalimu amri. Grant aliwaapisha mateka wasipigane hadi wabadilishwe na mateka wa Kaskazini, akawaachia, kwani kuwasafirisha kaskazini kungezifunga meli zake zote. Baadhi yao walirudi vitani Chattanooga mwaka uleule, na hilo nalihesabu kama gharama halisi ya uamuzi wake.

Mnamo 26 Aprili 1876 mto wenyewe uliikata rasi ya De Soto na kuuacha mji bila ukingo wa mto. Ilibidi serikali ichimbe mfereji, uliokamilika 1903, kuuleta mto Yazoo mbele ya gati.