Kutia nanga si kufunga gati

Juzi nimeisikia tena kwenye taarifa ya habari: meli "imetia nanga gati namba tano". Meli iliyofika gatini haijatia nanga. Imefungwa kamba.

Kati ya kutia nanga na kufunga gati kuna kazi ya kupanga gati, ambayo kwa kifupi ni kuamua meli ipi iingie gati lipi, saa ngapi, na ikae kwa muda gani, ilhali hakuna mwenye uhakika itafika lini wala itamaliza kupakua lini.

Sasa maneno yenyewe. Nanga tumelipata kwa Waajemi, langar. Gati limetoka India, ghat, zile ngazi za kushukia mtoni. Watu wa pwani waliyapokea yote mawili kwa kuwa walikuwa na kazi nayo mawili: nanga hushika chini ya bahari, gati ni ukingo wa kuegama. Simama ufukweni Dar es Salaam utazame nje. Meli iliyotia nanga hutundika tufe jeusi upande wa omo, yaani mbele, mchana, na mwili wake mzima huzunguka kufuata upepo na mkondo. Ya gatini haizunguki.

Na hapo katikati, kati ya nanga na gati, ndipo penye mashaka yote. Meli iliyotangulia inapakua ngano, mvua inanyesha, vifuniko vya ngama vinafungwa mzigo usilowe, kazi inasimama. Au kreni imeharibika. Au meli imezama sana kwa uzito wa shehena, inabidi ingoje maji yajae ndipo rubani wa bandari aipitishe kwenye mlango ule mwembamba. Kwa hiyo mpangaji wa gati huacha mwanya wa muda kati ya meli na meli. Akiuacha mkubwa, gati linakaa bure. Akiubana, meli moja ikichelewa foleni yote inasukumwa nyuma, naye anakaa kupanga upya.

Wenye meli na wanaozikodi wamefikishana mahakamani kwa ajili ya tofauti hii ya nanga na gati. Mwaka 1973 House of Lords ya Uingereza, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa huko wakati ule, iliamua kuwa meli Johanna Oldendorff, iliyokuwa imetia nanga nje ikingoja nafasi Liverpool, ihesabiwe imekwisha kufika bandarini, ingawa haikuwa imegusa gati. Kilichobishaniwa ni nani alipie siku za kungoja.

Basi ndugu mtangazaji, ikiwa kamba zimeshapita kwenye vigingi vya chuma, sema "imefunga gati". Ikiwa bado iko nje inangoja zamu, hapo "imetia nanga" ndilo neno lake hasa, litumie. Na wewe mwenye kontena, kabla hujakodi lori, usimuulize wakala kama meli imefika. Atakujibu ndiyo, na atakuwa amesema kweli. Muulize imepangiwa gati saa ngapi, na iliyo mbele yake imebakiza mzigo kiasi gani.