Kitufe cha Z: deni letu kwa Ocarina of Time

Ukimwuliza mpenzi wa gemu kwa nini The Legend of Zelda: Ocarina of Time unatajwa kila panapozungumzwa michezo bora ya wakati wote, atakueleza habari za farasi Epona, muziki wa Koji Kondo, au pale shujaa wake Link anapochomoa upanga na kuzinduka miaka 7 baadaye, mtu mzima katika mji uliogeuka magofu. Yote hayo nayapenda. Ila kazi yangu ni kupanga kamera na mapigano ya michezo ya pande tatu (3D), na kwetu sisi wa fani hii ukubwa wa mchezo huu uliotoka Novemba 1998 umo katika kitufe kimoja kilichokaa chini ya padi, kifaa cha mkononi cha kuchezea, ya mashine ya michezo ya Nintendo 64, pale kidole cha shahada kinapofika.

Katika michezo ya pande mbili adui yuko kulia au kushoto kwako, ukipiga, unampata. Mwaka 1996 Super Mario 64 ulitufungulia pande tatu, na ulimfaa Mario kwa kuwa yeye ni mrukaji: akikosea kidogo anatua kando ya adui, anaruka tena. Mwenye upanga hana nafasi hiyo. Akielekea kando kidogo tu anakata hewa, na kamera nayo haijui anataka kumtazama nani. Hata kusoma kibao katika Super Mario 64 kulitaka subira, maana ulikizunguka na kukipita kabla hujasimama mbele yake sawasawa.

Ufumbuzi ulitoka mahali pasipo na kompyuta. Toru Osawa na Yoshiaki Koizumi wa Nintendo walikuja kusimulia jinsi walivyotembelea bustani ya Toei, kampuni ya filamu, mjini Kyoto. Joto lilikuwa kali, wakaingia ukumbini kujipoza, wakakuta onyesho la mapigano. Osawa akamwona ninja akirusha mundu wenye mnyororo. Samurai akaunasa kwa mkono, mnyororo ukakaza, na ninja akaanza kumzunguka. Koizumi akaona jambo jingine: maadui walikuwa wengi, lakini walishambulia mmoja mmoja, wengine wakingoja zamu.

Mambo hayo mawili ndiyo kitufe cha Z. Ukikibonyeza, mnyororo usioonekana unamfunga Link na adui wake. Tangu hapo stiki, kile kijiti cha kumwongozea Link, inabadilika maana: kulia na kushoto ni kumzunguka, mbele ni kumsogelea, nyuma ni kurudi huku macho yakiwa kwake. Ukiongeza kitufe cha A unaruka upande, au unapiga sarakasi ya kinyumenyume. Kamera inajipanga yenyewe ili nyote wawili muonekane. Na ndani ya programu, maadui waliobaki wanapewa ishara ya kusubiri. Ukitaka kuliona hili waziwazi, nenda kwenye pango la Dodongo's Cavern ukapambane na wale Lizalfos wawili, mijusi wenye silaha. Mmoja akijeruhiwa anaruka pembeni, mwenzake anashika nafasi. Unahisi umevamiwa na wawili, kumbe muda wote unapigana na mmoja.

Mpaka leo nastaajabu kwamba uamuzi mmoja ulimaliza shida tatu kwa pamoja: mwelekeo wa upanga, mahali pa kamera na msongamano wa maadui. Kwa kawaida katika kazi hii ukitibu moja unaiamsha nyingine.

Kisha kukawa na suala la kumwonyesha mchezaji amemlenga nani. Pembetatu ya kawaida ilimchosha Koizumi, akaweka badala yake kijini chenye mabawa, na hapo ndipo alipozaliwa Navi. Wapo wanaomchukia kwa kelele zake. Mimi namtetea kwa moyo wote, kwa sababu anageuka njano akimrukia adui, buluu akiwa kwa mtu wa kuzungumza naye, kijani penye siri, na hakuna maandishi wala menyu iliyohitajika. Alama ya kiufundi ikawa mhusika ambaye watu wanamkumbuka baada ya zaidi ya miaka 25.

Haki itendeke: kulenga adui hakukuanzia hapa. Mega Man Legends wa Desemba 1997 ulikuwa nako, ila ukilenga unasimama palepale. Ocarina of Time ndio uliofanya kulenga kuwe namna ya kutembea, na tofauti hiyo ndiyo iliyozaa matunda.

Matunda yenyewe yako kila mahali. Ukibonyeza R3, yaani stiki ya kulia ikisukumwa ndani, katika Dark Souls (2011) au Elden Ring (2022) na kuanza kumzunguka adui, umeushika mnyororo wa Kyoto. Hidetaka Miyazaki, aliyeiongoza michezo hiyo, ameuita mfululizo wa Zelda kama kitabu cha kiada cha michezo ya mapigano ya pande tatu. Lakini angalia alichofanya: alibaki na mnyororo, zamu akailegeza mno. Unapomkazia macho mmoja, mwenzake anaweza kukuchoma mgongoni, na kulenga kwenyewe kunakuwa hatari inayokutaka uamue. Batman: Arkham Asylum (2009) ulikwenda njia ya pili. Hauna mnyororo, unaelekeza stiki tu na pigo linamfuata adui wa upande huo, lakini wahuni waliokuzunguka kwa sehemu kubwa wanangoja nafasi yao. Nusu mbili za kitufe cha Z zilitengana, na kila moja ikajengewa mtindo mzima wa mapigano.

Mahali ambapo mbinu hii bado inatutesa ni kwa maadui wakubwa. Lenga kichwa cha joka katika Elden Ring: kamera inainuka kutazama mbingu, miguu yake inatoka kwenye skrini, na miguu hiyo ndiyo itakayokukanyaga. Mnyororo ulibuniwa kwa watu wawili wanaokaribiana kimo. Baadhi yetu tunaweka shabaha kadhaa kwenye mwili mmoja, mguuni, kifuani, kichwani. Wengine wanairudisha kamera nyuma kadiri adui anavyokua. Nimejaribu njia zote mbili, na ninapendelea ya kwanza, ingawa kuhama kutoka shabaha moja hadi nyingine bado kunamshtua mchezaji katikati ya pambano.